Sista Selpha Alivyomngoja Daktari

Mtoto wa Anyango alikufa saa sita mchana, siku ya Jumanne, mwezi wa nne mwaka wa 1984. Kufika saa nane, karatasi yake ya dawa ilikuwa imeshabadilishwa.

Muuguzi aliyemdunga dawa hiyo aliitwa Selpha Nasipwondi, Mbukusu wa miaka thelathini, mfupi, mwenye mikono midogo kama ya msichana wa shule. Mikono hiyo ndiyo iliyomfikisha katika wodi ya watoto njiti ya hospitali moja mjini Kisumu. Wauguzi wengine walihangaika kutafuta mshipa kwenye mkono ambao unene wake hauzidi kidole gumba cha mtu mzima. Selpha aliupata kwa jaribio la kwanza, kisha akashika mtoto mwingine.

Wodi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha yanayotazama ziwa. Inkubeta zilikuwa nne, zinazofanya kazi mbili. Watoto walikuwa tisa, siku nyingine kumi na mmoja, kwa hiyo walilazwa wawiliwawili na watatuwatatu kama viazi kwenye kikapu. Umeme ulipopotea, wauguzi walijaza maji ya moto kwenye chupa, wakazifunga kwa matambara na kuwapanga watoto katikati yake, mkono ukiwa hapo kila mara kupima, maana chupa ya moto mno humchoma mtoto na ya baridi humwua. Maziwa ya mama yalipitishwa kwa mrija wa puani, tone kwa tone. Na kulikuwa na jambo moja lililowachosha wauguzi kuliko yote: watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia husahau kupumua. Unamwona ametulia vizuri, dakika inayofuata midomo imekuwa ya buluu. Unampigapiga unyayo kwa kidole, anashtuka, anavuta pumzi, anaendelea. Asiyeshtuka hupewa dawa iitwayo aminofilini, ya kuuamsha ubongo wake ukumbuke kazi hiyo.

Akoth, binti ya Anyango, alikuwa na kilo moja na gramu mia nne, na asubuhi ile alikuwa amesahau kupumua mara sita. Daktari wa watoto, Walter Ogola, alifika haraka, akamsikiliza kifua, akaandika dawa. Mtoto wa uzito ule hupewa miligramu saba. Ogola alikuwa na mazoea ya kuandika saba kisha nukta kisha sufuri. Ila nukta yake mara nyingi ilibaki kichwani mwake.

Selpha alisoma sabini.

"Daktari, hii ni sabini?"

Ogola alikuwa tayari mlangoni, funguo za gari mkononi. Alikuwa na kliniki yake binafsi Milimani, na wagonjwa wa huko hawakuzoea kungoja. Hakugeuka.

"Sista, nimeandika. Kazi yako ni kusoma au kuuliza?"

"Naona kama ni nyingi kwa mtoto wa—"

"Toa dawa! Mtoto akifa kwa sababu unauliza maswali, nitajua pa kukupata."

Selpha akatoa dawa. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo ambalo hakuweza kujisamehe kamwe. Na kwa kuwa hakuweza kujisamehe, mzigo wote aliuhamishia kwa Ogola.

Baada ya nusu saa moyo wa Akoth ulikuwa ukienda mbio hata hauhesabiki. Akaanza kutetemeka mkono mmoja, kisha mwili mzima. Anyango, mamake, ambaye alikuwa akiuza samaki wa kukaanga kando ya barabara kule Kisian, alikuwa chumba cha pili akijikamua. Alirudi akiwa ameshika kikombe cha maziwa kwa mikono miwili, akiangalia yasimwagike, na hakuelewa kwa nini watu wote wamesimama.

Wiki mbili baadaye Selpha aliitwa mbele ya kamati. Walimwekea karatasi mezani. Ilikuwa na mwandiko wa Ogola, jina la Akoth, na saba, nukta, sufuri. Nukta ilikuwa kubwa na nyeusi kama punje ya njugu.

"Hii si ile karatasi," Selpha alisema.

"Unasema Daktari ameghushi?"

"Nasema hii si ile karatasi."

Mwenzake wa zamu, mama mwenye watoto wanne wa kusomesha, aliulizwa kama aliona karatasi nyingine. Alitazama viatu vyake, akasema hakuona kitu. Ogola naye alizungumza kwa upole sana. Alisema Sista huyu ni mchapakazi, ila alichoka, na uchovu huleta makosa. Huo upole ndio uliomuumiza Selpha kuliko kama angemtukana. Walimvua mkanda wa cheo, wakampeleka zahanati ndogo ya ufukweni, mbele kabisa ya Kisian, mahali ambapo dawa zililetwa mara moja kwa mwezi.

Siku anatoka, Anyango alikuwa getini. Alikuwa amekonda. Hakupiga kelele.

"Sista, ile mikono yako ioze," alisema. "Ioze ukiwa unaiona."

Selpha alikaa zahanati miaka minne. Hapakuwa na inkubeta wala umeme. Mtoto akizaliwa mdogo, alimvisha kofia ya pamba, akamfunga kifuani mwa mamake, ngozi kwa ngozi, akawaonyesha mama na nyanya jinsi ya kumpiga unyayo anaponyamaza. Wengi walipona. Watu wa huko walimpenda, wakamletea samaki na mihogo, wakasema Sista ana moyo wa Mungu. Hawakujua kwamba kila alipochemsha sindano, akingoja maji yatokote, alikuwa akilitaja jina moja tu kimoyomoyo. Ogola. Ogola. Ogola. Habari ilipofika kwamba Daktari Ogola amepandishwa cheo kuwa mkuu wa idara ya watoto, muuguzi mwenzake alidhani atakasirika. Selpha alicheka.

"Apande," alisema. "Aliye juu mngoje chini."

Aliomba kwenda Nairobi kusomea uuguzi wa watoto. Mara mbili ombi lilikataliwa, mara ya tatu likakubaliwa. Alisoma kama mtu anayenoa panga. Alimaliza akiwa wa kwanza, na mwaka wa 1990 akarudishwa Kisumu, wodi ileile, safari hii kama msimamizi wake.

Asubuhi ya kwanza alivaa sare mpya, akasimama karibu na mlango akimngoja Ogola. Miaka sita alikuwa ameitunga sura ya dakika hiyo: jinsi Ogola atakavyoshtuka, jinsi atakavyomeza mate. Ogola aliingia, amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi. Akampa mkono.

"Karibu sana, Sista. Ulikuwa wapi kabla?"

"Zahanati."

"Vizuri, vizuri. Tunahitaji watu wenye uzoefu."

Akapita, akaenda kwa mtoto wa kwanza. Hakumkumbuka. Selpha aliingia stoo ya mashuka, akafunga mlango, akauma taulo mpaka taya zikamuuma. Mtu alimzika akiwa hai na hata kaburi hakumbuki lilipo!

Kuanzia hapo alianza vita yake, na ilikuwa vita ya adabu. Alileta karatasi za kaboni. Kila karatasi ya dawa ikawa inaandikwa nakala mbili. Nakala ya chini aliifungia kabatini mwenyewe, ufunguo ukining'inia shingoni. Aliweka sheria kwamba hakuna dawa itakayopimwa kabla muuguzi hajaisoma kwa sauti mbele ya mwenzake: jina la mtoto, uzito, dawa, kiasi. Daktari akiagiza kwa mdomo, muuguzi hapokei. Ogola akiandika haraka, Selpha alimrudishia karatasi mbele ya akina mama wote.

"Daktari, sisi wengine hatuna macho ya kusoma hii. Tafadhali rudia."

"Huyu mama ni muuguzi au ni askari?" Ogola aliuliza siku moja, akijaribu kucheka.

"Ni muuguzi, Daktari. Rudia."

Akarudia. Akina mama wakatazamana. Selpha aliiona shingo ya Ogola ikivimba juu ya kola, na siku hiyo chakula chake cha mchana kilikuwa kitamu ajabu.

Wodi ikabadilika. Vifo vikapungua, wageni wakaletwa kuitazama. Kila mtu alimsifu Selpha, naye alijua kwamba watoto wale wanalindwa na chuki yake, wala hilo halikumsumbua. Yeye alikuwa akingoja kitu kimoja. Alimjua Ogola. Mtu aliyeacha nukta kichwani mara moja ataiacha tena.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa pili mwaka wa 1991. Umeme ulikuwa umepotea tangu alfajiri na jenereta ilikuwa imegoma. Wauguzi walikuwa wakikimbia na chupa za maji ya moto. Katika inkubeta ya kwanza, ambayo sasa ilikuwa sanduku la kioo tu, alilala mtoto wa Elsie. Elsie alikuwa karani wa posta, mwanamke mpole aliyezaa kijana wa kilo moja na gramu mia mbili baada ya kupoteza mimba tatu. Hakuwa amempa jina. Aliogopa.

Mtoto alikuwa amesahau kupumua mara nne tangu asubuhi. Ogola alikuja, akamtazama, akaangalia saa yake, akaandika akiwa amesimama. Akamkabidhi Selpha karatasi, akaondoka.

Kiasi kilichostahili kilikuwa sita. Selpha alitazama. Sita, na sufuri. Hapakuwa na nukta. Akainua kaboni, akatazama nakala ya chini. Hapakuwa na nukta.

Damu ilimpanda masikioni. Angeweza kumwita Ogola kabla hajafika mwisho wa korido. Angesema, "Daktari, rudia," naye angerudia kwa hasira, na mambo yangeisha hapo kama yalivyoisha mara ishirini zilizopita. Hapana. Leo alitaka dawa iwe imepimwa. Alitaka Metroni, mkubwa wa wauguzi, na mkuu wa hospitali waingie waione mililita mbili na zaidi ndani ya sindano, waione karatasi, wamwone mtoto, kisha wamwite Ogola aje asimame katikati.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Nekoye, alikuwa kando yake. Selpha akaifungia nakala ya chini kabatini, akampa karatasi ya juu.

"Pima, uniwekee," alisema. Hakumwambia asome kwa sauti.

Akatoka kwenda kwenye simu iliyokuwa mwisho wa korido. Simu ya Metroni ilikuwa na mtu. Akangoja. Akapiga tena. Metroni alipopokea, Selpha alisema, "Njoo wodini sasa hivi, uje na mkuu. Msikawie." Akapiga na kwa chumba cha madaktari, Ogola aitwe. Alipoweka simu chini alihisi furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu ujana wake.

Kisha akamsikia Elsie akipiga mayowe.

Alikimbia. Mtoto alikuwa ameacha kupumua tena, na safari hii unyayo haukusaidia. Nekoye alimpulizia hewa kwa mpira na barakoa, kama alivyofundishwa, mpaka rangi ikarudi. Kisha akafanya jambo ambalo mwanafunzi yeyote mwenye akili angefanya. Dawa ilikuwa imeandikwa, msimamizi mwenyewe alikuwa ameipitisha. Akaichukua sindano. Selpha alipofika, ilikuwa imeshaingia kwenye mrija wa mshipa na kidole gumba cha Nekoye kilikuwa kikisukuma, polepole.

"Acha!"

Selpha aliivuta sindano ile kwa nguvu hata tone la damu likaruka kwenye aproni. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nusu mililita ilikuwa imeingia. Hiyo ni mara mbili ya kiasi kinachotakiwa.

Metroni na mkuu wa hospitali waliwakuta hivyo: Selpha ameshika sindano, Nekoye amejishika mdomo, Elsie amepiga magoti sakafuni. Ogola aliingia nyuma yao. Alipoonyeshwa alisema mara moja, kama mtu aliyekariri, "Muuguzi amesoma vibaya. Hiyo ni sita."

Selpha alitoa ufunguo shingoni. Akafungua kabati. Akaziweka karatasi mbili kando kwa kando, ya juu na ya kaboni.

"Tuonyeshe nukta, Daktari."

Ogola aliinama. Alipitisha kidole juu ya sita na sufuri.

"Kila mtu hukosea," alisema hatimaye.

"Ndiyo. Mwaka wa themanini na nne pia ulikosea. Mtoto wa Anyango, Akoth. Kisha ukaandika karatasi mpya, ukanihurumia mbele ya kamati. Mimi ni Selpha Nasipwondi. Sasa umenikumbuka?"

Alimkumbuka. Selpha aliona jinsi sura ilivyomlegea Daktari, kuanzia macho mpaka kidevu, na akaitazama mpaka mwisho, bila kupepesa.

Lakini nyuma yake moyo wa mtoto wa Elsie ulikuwa ukipiga mara mia mbili na ishirini kwa dakika. Watu walipotoka, Selpha alivuta kigoda, akaweka kidole kwenye kifua kile, akahesabu. Alihesabu mpaka saa kumi na nusu jioni bila kuondoka hata kwenda kunywa maji. Mia mbili na kumi. Mia mbili. Mara moja mkono wa mtoto ulitetemeka. Mia moja na tisini. Saa kumi na nusu ikawa mia moja na sitini, mtoto akakojoa, akalia kwa sauti ya paka. Elsie akamshika Selpha miguu, akamshukuru.

Kesi haikuchukua muda. Mwenzake wa zamu ile ya zamani, ambaye watoto wake sasa walikuwa wamemaliza shule, alikuja bila kuitwa, akasema alimwona Daktari akiandika upya na kuchana ile ya kwanza. Jina la Selpha likasafishwa kwa barua. Ogola aliondolewa kazini. Kliniki ya Milimani nayo ilikosa watu, maana Kisumu si mji mkubwa na akina mama huongea. Siku aliyokuja kuchukua vitabu vyake, Selpha alisimama verandani kwa makusudi. Ogola alipita na sanduku, akasimama.

"Miaka yote hii ulikuwa ukinichukia?"

"Hata Jumapili kanisani."

Daktari akalipeleka sanduku kwenye gari. Selpha hakuona haya kwamba moyo wake uliimba.

Anyango naye alikuwa ameitwa kusikiliza. Alikaa mwisho wa benchi, leso kichwani, mpaka yote yakasemwa. Kisha akamfuata Selpha nje.

"Kwa hivyo daktari ndiye aliandika."

"Ndiye."

"Na wewe ulidunga."

"Nilidunga."

"Ulijua ni nyingi?"

Selpha angeweza kusema hapana. "Nilishuku," alisema.

Anyango alitikisa kichwa polepole. "Basi ile laana naitoa. Lakini usiniambie nikusamehe, Sista. Hiyo usiniombe."

Selpha hakumwomba.

Nekoye alingoja hadi wiki ile ya kesi ikaisha. Alimkuta Selpha stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Sista, nina swali. Uliona saa ngapi kwamba ile dawa ni nyingi?"

"Niliporudi kutoka kwenye simu."

"Sista." Msichana aliendelea. "Kila karatasi tunasoma kwa sauti. Kila moja. Umetugombeza mpaka tunasoma tukiwa usingizini. Siku ile hukuniambia nisome. Na ulienda kumwita Metroni kabla mimi sijafungua hata kichupa cha dawa. Ulimwitia nini?"

Selpha alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilitaka waione," alisema.

"Na mimi nilipompa?"

"Sikutegemea ungempa."

"Karatasi ulinipa wewe! Ningeulizaje kitu ulichonipa wewe? Kama angekufa, kamati ingeniita mimi. Ningesema nini? Hii si ile karatasi?"

Hakulia. Alisema ameomba kuhamia wodi ya wazazi, na kwamba hatamwambia mtu. Akamwachia mlango wazi.

Selpha alikaa na maneno hayo siku kumi na moja. Alijaribu kujitetea kwa kila njia. Alijiambia kwamba Ogola angeua tena, na hiyo ilikuwa kweli. Alijiambia kwamba mtoto amepona, na hiyo pia ilikuwa kweli. Lakini kila alipokuwa akimpima uzito mtoto wa Elsie alikiona kidole gumba cha Nekoye kikisukuma.

Siku ya kuruhusiwa, mtoto alikuwa na kilo mbili na gramu mia moja. Elsie alikuja amevaa nguo mpya, na mumewe akabaki nje na teksi. Elsie alikuwa amebeba keki ndani ya boksi.

"Sista, tumempa jina. Nilitaka uwe wa kwanza kulisikia, kwa sababu wewe ndiye—"

"Ngoja, Mama. Usiseme jina. Kaa kwanza."

Akamwambia. Alimweleza kuhusu Akoth, kuhusu zahanati, kuhusu karatasi aliyoiona haina nukta na akanyamaza. Alisema yote kwa mpangilio, kama anavyokabidhi zamu. Elsie alisikiliza, boksi la keki magotini. Uso wake haukubadilika mpaka mwisho, ambapo alinyoosha mikono.

"Nipe mtoto wangu."

Selpha alimpa. Elsie alimfunika kichwa, akatoka. Boksi alilibeba pia.

Alipeleka malalamiko, naye Selpha hakuyapinga. Alipewa onyo na kuvuliwa usimamizi. Akabaki muuguzi wa kawaida katika wodi hiyohiyo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kupata mishipa ile. Alifanya kazi hapo mpaka alipostaafu, na miaka mingi baadaye Nekoye, ambaye alirudi kuwa msimamizi wake, alimwuliza wakiwa wanakunywa chai kama anajuta.

"Kwa ajili ya mtoto wa Elsie, ndiyo," Selpha alijibu. "Kila siku ya Mungu."

"Na Ogola?"

Selpha alipuliza chai yake.

"Ogola? La. Huyo ningemfanyia tena kesho asubuhi."